Usiutazame Mshale

Kama kuna neno lililokuwa likimchefua Mama Geji kuliko yote, ni "tulia". Aliambiwa atulie na daktari, akaambiwa na jirani wa ghorofa ya chini, akaambiwa na muuza mboga ambaye hata maoni hakuombwa. Aliyezidi ni binti yake, aliyelitamka kwa sauti ile ile ya kumbembeleza mtoto mchanga, na Mama Geji, mtu mzima aliyeendesha boila, mtambo wa mvuke wa hospitali, miaka nenda rudi bila kushikwa mkono na mtu, alikuwa akihisi damu inampanda kichwani. Angekuwa anajua kutulia, si angetulia? Nani anapenda kujitupa chini ya meza kila birika linapoanza kuchemka?

Maana hayo ndiyo yaliyokuwa yakimpata. Tangu siku bomba la mvuke lilipopasuka kwenye chumba cha boila, sauti yoyote ya "ssss" ilimtoa akili. Chupa ya soda ikifunguliwa, pasi ya mvuke ikipumua, tairi la baiskeli likitolewa upepo, mwili ulitangulia kukimbia na akili ikaja nyuma inahema. Akijitambua yuko chini ya meza au amejibana nyuma ya mlango, jasho linamtoka, na watu wanamtazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyomuudhi zaidi. Afadhali wangemcheka.

Yote hayo angeyameza, kama si mjukuu. Walimwita Kifungo kwa sababu ya kijipua chake, kidogo kama kifungo cha shati, na mpango ulikuwa umewekwa tangu hajazaliwa: mama yake akirudi kazini, kwenye duka la miwani, Kifungo atashinda na bibi yake. Baba yake Kifungo ni dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana kwa msimu. Sasa likizo ya uzazi ilikuwa ukingoni na mpango ulikuwa umeingia doa.

"Mama, mimi nakuamini," binti alisema, kwa sauti ya mtu asiyeamini hata kidogo. "Lakini ukiwa umembeba na kitu kikalia je? Upone kwanza. Usipopona nitampeleka kwa mama mkwe."

Mama mkwe aliishi mji mwingine. Kifungo angekaa huko wiki nzima, awe anarudishwa mwisho wa wiki kama sare ya shule. Tena kwa mwanamke anayemfunika mtoto masweta mawili jua linawaka, na anayeongea na watoto kana kwamba wako ng'ambo ya mto! Mama Geji aliapa kwamba hilo halitatokea akiwa hai. Akapiga moyo konde, akaenda kliniki.

Kliniki yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya daktari wa meno. Mtaalamu wake alikuwa kijana mpole mwenye soksi za rangi rangi, ambaye kila sentensi yake ilikuwa na neno "taratibu" ndani yake, mwanzoni au mwishoni au kote kuwili. Mama Geji akamwita Bwana Taratibu siku ile ile, kimoyomoyo kwanza, baadaye waziwazi. Bwana Taratibu akamweleza kuwa ubongo wake haujaharibika, umekwama tu. King'ora kilichomo ndani yake kililia siku ile kwa haki kabisa, ila hakijazimwa hadi leo. Dawa ni mbili: kutafakari, na kuufundisha ubongo upya kwa mashine. Wataanza na kutafakari, pamoja na wenzake.

Wenzake walikuwa kama kumi hivi, wameketi juu ya mito kwenye zulia, viatu vimeachwa mlangoni. Palikuwa na aliyekuwa mlinzi wa benki, palikuwa na mama aliyegongwa na gari, na wengine ambao hakuna aliyewauliza. Ilikuwa vizuri tu mwanzoni. Walifumba macho, wakasikiliza miguu yao, wakasikiliza magoti, na Mama Geji aliyasikiliza magoti yake kwa sababu yalikuwa yanalalamika kweli.

"Sasa vuteni pumzi, taratibu," akasema Bwana Taratibu. "Halafu muitoe kupitia meno. Taratibu. Ssssss."

Watu kumi wakatoa pumzi kupitia meno kwa pamoja.

Hapo ndipo ieleweke kwamba fundi wa boila hafundishwi kukimbia. Anafundishwa kufunga kwanza, akimbie baadaye. Mama Geji alikuja kujitambua yuko kwenye korido, ameshafunga koki kuu ya maji ya jengo zima, ameshabwaga swichi kubwa ya umeme, na anapiga kelele, "Nje! Wote nje! Acheni viatu!" Na kwa kuwa chumba kile kilikuwa kimejaa watu waliokuwa wakisubiri miaka kadhaa kuambiwa hivyo, walitoka. Mlinzi wa benki aliwapita wote kwenye ngazi. Daktari wa meno naye akatoka gizani na mteja wake, kitambaa kifuani, mdomo ungali wazi.

Walipokusanyika barabarani na soksi zao, Bwana Taratibu alimsogelea, akameza mate.

"Mama," alisema, "nadhani wewe tuanze na mashine."

Mashine nayo ilikuwa na vituko vyake. Kwanza walimpaka gundi kwenye nywele alizosukwa jana yake, nyaya zikabandikwa kichwani, zikaenda hadi kwenye kompyuta. Mbele yake kulikuwa na skrini, na kwenye skrini kulikuwa na puto jekundu. Ubongo ukitulia, puto linajaa na kupaa. Ukisumbuka, linanywea na kushuka.

Mama Geji akalitazama lile puto linavyojaa, likajaa, likazidi kujaa.

"Wewe bwana mdogo," akasema, amekamata mikono ya kiti. "Una akili timamu? Mimi nimetoka kwenye boila. Unanionyesha kitu kinachojaa?"

Bwana Taratibu akaomba radhi. Akajaribu kumwekea maua yanayochanua, na Mama Geji akasema ni ya kitoto. Akamwekea samaki, wakamkera, wanazunguka tu hawana shughuli. Mwishowe kijana akamuuliza ni kitu gani basi angependa kukitazama, kitu alichokizoea, kisichomtisha. Naye bila kufikiri akasema, "Geji."

Kijana akafurahi kama aliyeokota dhahabu. Akabonyeza bonyeza, na pale palipokuwa na samaki pakatokea duara jeupe lenye namba na mshale mweusi, kama kile kipimo cha presha ya boila. Mshale ukikaa katikati, penye kijani, ubongo umetulia. Ukienda pembeni, umesumbuka.

Mama Geji akajiweka sawa kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye lile jengo alijiona yuko mahali pake. Hilo jina la Mama Geji hakulipata bure: kazini walikuwa wakisema anaweza kula, kusali na kugombana na mtu huku macho hayajabanduka kwenye geji. Akautazama mshale, mshale ukatikisika, ukasogea, ukaingia kwenye kijani na kukaa. Ulikaa humo mpaka kengele ya kumaliza ikalia.

"Mama!" akasema Bwana Taratibu, akasahau hata kusema taratibu.

Wiki zikapita, na kila akienda mshale ukakaa. Kijana akawa anawaita wenzake waje waone. Walimwonyesha binti michoro kwenye kompyuta, mistari iliyokuwa imeparaganyika kama nyuzi alizochezea mtoto sasa imelala kimya. Binti akamkumbatia mama yake palepale kliniki, gundi ikamganda shavuni, wala hakujali. Mama Geji akavimba kichwa kidogo. Alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara ya miguu kama anaimiliki.

Kumbe.

Ilikuwa Jumamosi kabla ya saa sita. Binti alikuwa anaoga. Kifungo alikuwa kwenye mkeka sebuleni anagombana na mguu wake, na Mama Geji yuko kitini anamtazama. Dirisha lilikuwa wazi. Jirani wa ghorofa ya chini, yule yule wa kusema tulia, alikuwa amebandika maharage kwenye sufuria ya presha. Sufuria ikafikia pale inapofikia, ikaachia mvuke.

Hakuna anayejua Mama Geji alishukaje zile ngazi. Yeye mwenyewe hajui. Alichokumbuka ni honi, breki za gari, lami ya moto chini ya nyayo, na dereva aliyetoa kichwa dirishani anamwaga matusi ya kila aina. Alikuwa amesimama katikati ya barabara peku peku. Kifungo alikuwa mikononi mwake, amebanwa kifuani kwa nguvu kiasi kwamba alikuwa analia bila sauti, mdomo wazi, uso umebadilika rangi.

Binti akaja anakimbia na kanga iliyofungwa vibaya, povu kichwani. Alikitoa kidole kimoja kimoja cha mama yake kutoka kwenye mgongo wa mtoto, akamchukua, akapanda naye juu. Hakugeuka nyuma. Mama Geji alibaki pale barabarani mpaka yule dereva mwenyewe akaacha matusi, akateremka na kumshika mkono hadi kando.

Jioni binti alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Mwezi ukiisha nampeleka kwa mama mkwe. Nimeshampigia."

"Daktari amesema nimepona. Uliiona michoro."

"Mama. Niliona na barabarani."

Jumatatu Mama Geji aliingia kliniki bila kubisha hodi. Alimkuta Bwana Taratibu anakunywa maji, na maji yakampalia.

"Mashine yako ni mwongo!" alisema. "Wiki zote hizi unanipaka gundi kama bango la uchaguzi, unaniambia nimepona, mbele ya mwanangu, unaita na wenzako waje wanitazame! Nimempeleka mjukuu wangu barabarani kati ya magari. Umenisikia? Kama yule dereva angekuwa anaongea na simu, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Bwana Taratibu hakujitetea. Alifungua kompyuta, akapekua michoro yake yote, akaitazama tena na tena, akajikuna shingo.

"Haidanganyi, mama. Ukiwa hapa unatulia kweli. Hebu niambie, ukiutazama ule mshale unafanya nini?"

"Nafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Naulinda. Wewe unadhani unakaa wenyewe? Ukitaka kutoka naurudisha. Nikipepesa macho tu, utakwenda."

Kijana alishika kichwa chake kwa mikono miwili. "Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyekupa geji. Nimekaa hapa wiki zote hizi nakufundisha kulinda, na wewe kulinda ulikuwa unajua tangu zamani."

Mama Geji akataka kukubali kwa nguvu zote kwamba ndiyo, ni yeye, ila kabla hajafungua mdomo kijana alivua sweta lake, akalitupa juu ya skrini. Nyaya akazibandika kama kawaida. Mashine ikawashwa, ikanguruma. Mshale ulikuwa unatembea huko chini ya sweta, na yeye hauoni.

"Usiutazame," alisema. "Kaa tu. Taratibu."

Basi hapo Mama Geji akapandwa na mori. Alisema maneno ambayo hayafai kuandikwa. Alimwambia yule kijana kuwa yeye na soksi zake hawajui lolote. Alimwambia fundi wa boila haachi geji hata mara moja, hata nyumba ikiungua, kwamba alishawahi kuiacha mara moja tu na mtu akafa, na je, anataka nani afe sasa?

Halafu akanyamaza, kwa kuwa hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Bwana Taratibu alivuta kiti akakaa. Safari hii hakusema neno lake.

"Shemeji," akasema Mama Geji, anatazama sweta. "Msaidizi wangu. Tulimwita hivyo kwa sababu kila mwanamke pale kwake alikuwa shemeji. Mtu wa utani, hana baya na mtu. Aliniletea chai. Mimi huwa nanyoosha mkono tu bila kugeuka, ananikabidhi kikombe, ndivyo tulivyozoea. Siku ile akasema, shemeji, leo nitazame basi usoni hata mara moja, nimenyoa ndevu. Nikageuka. Nikamcheka. Alikuwa kama mtoto wa shule. Ndipo bomba likapasuka, pale pale aliposimama."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anaburuta meza, akaiacha.

"Wachunguzi walisema nini?" kijana aliuliza.

"Walisema ni gasketi, ule mpira wa kuzibia maungio ya bomba. Ilikuwa imeoza ndani kwa ndani tangu zamani, hakuna ambaye angeiona. Walisema geji ilikuwa sawa. Watajuaje? Hawakuwepo."

"Wewe ulikuwepo. Ilikuwa inasoma nini?"

"Sijui!" akafoka Mama Geji. "Si ndilo ninalokuambia? Sijui! Nilikuwa nimegeuka!" Na akalia, kilio kibaya cha pua na makamasi, nyaya zinatikisika kichwani, na kilichomuudhi ni kwamba hakuweza hata kujifuta vizuri kwa sababu gundi ilikuwa mpaka kwenye paji la uso.

Bwana Taratibu alimsubiri. Hakumpigapiga mgongoni wala kumwambia si kosa lake. Hilo alikuwa ameshaambiwa na watu wengi na halikuwa limemsaidia.

"Basi leo tukae hivi hivi," alisema baadaye. "Mimi sijui mshale uko wapi, na wewe hujui. Kengele ikilia tutaondoka."

Wakakaa. Yalikuwa mateso. Mama Geji alilifunua lile sweta mara mbili, akachungulia kama mwizi, na mara ya pili kijana akatishia kulifunga na kamba. Kengele ilipolia alikuwa amelowa jasho mgongo mzima. Jengo lilikuwa limesimama pale pale, na chini daktari wa meno alikuwa anamkaripia mtu afungue mdomo.

Sasa, kama kuna anayedhani kuanzia siku ile mambo yalinyooka, ajaribu kwanza kutoa ile gundi kwenye nywele zilizosukwa. Ndivyo kupona kulivyokuwa. Unapata kidogo huku, kule panaganda zaidi, unaosha tena, unatukana, kesho unakuta bado kipande nyuma ya sikio. Alienda kliniki mara kwa mara, skrini imefunikwa. Bwana Taratibu akawa anamwekea sauti ya mvuke kutoka kwenye kompyuta, ndogo sana, kama inatoka mtaa wa tatu. Mara ya kwanza alikimbia mpaka kwenye ngazi, nyaya zinaning'inia. Mara nyingine alikimbia mpaka mlangoni. Halafu ikafika siku alisimama tu, akamtukana kijana, akakaa tena. Kijana aliandika hilo kama maendeleo makubwa.

Nyumbani alikuwa anakaa jikoni, kiti kimegeukia ukuta, birika liko motoni nyuma ya mgongo wake. Ndivyo kutafakari kwake kulivyokuwa, bila mito wala zulia. Alikuwa anatoa pumzi kupitia puani, maana ya kwenye meno alikataa katakata. Birika likianza kuimba, mabega yanapanda hadi masikioni, anayashusha. Yanapanda tena, anayashusha tena. "Upuuzi mtupu," alikuwa akijisemea. "Mtu mzima, nagombana na birika." Lakini hakugeuka. Kuna siku birika lilichemka mpaka maji yakakauka, na kilichomshtua si mlio bali harufu.

Mwezi uliisha. Mfuko wa nguo za Kifungo ulikuwa tayari mlangoni, na masweta mawili juu, mama mkwe ameyaagiza. Mama Geji hakubembeleza. Alimwambia binti yake yote: geji, chai, ndevu za Shemeji, na kwamba bado anashtuka na pengine atashtuka mpaka kaburini, ila sasa akishtuka miguu inamngoja kidogo. Alitaka asubuhi moja tu. Binti alimsikiliza hadi mwisho, akakubali shingo upande. Asubuhi moja tu, wataona.

Asubuhi ile binti alivaa gauni la kazini, akambusu Kifungo kila mahali pa kubusiwa, akatoka. Hata kabla chai haijapoa simu ikalia.

"Mko salama?"

"Tuko salama."

Ikalia tena wakati Mama Geji ana kijiko cha uji mkononi.

"Mama, mnafanya nini?"

"Tunaongea na wewe. Tungekuwa tunakula, ila tunaongea na wewe."

Mara ya tatu aliipokea akasema, "Yuko hai, mimi niko hai, jirani yuko hai, kwaheri," akakata. Ndipo aliposikia chafya. Haikutoka kwenye simu. Ilitoka nje ya mlango wake.

Akamweka Kifungo begani, akafungua.

Binti yake alikuwa ameketi kwenye ngazi, mkoba mapajani, viatu amevivua amevipanga pembeni. Alikuwa amekaa hapo tangu alipoaga.

"Wewe!" akasema Mama Geji. "Kazini hujaenda?"

"Nimewaambia nitaingia mchana."

"Umekaa hapo asubuhi nzima unanisikiliza? Kama mimi ni redio? Nimekaa humo ndani najipongeza, kumbe nimewekewa mlinzi! Basi si ungempeleka tu huko kwa mwenye masweta, nijue moja?"

Alikuwa na mengine ya kusema, tena alikuwa anayachagua makali. Ila binti aliinua uso na Mama Geji akayaona macho yake. Yalikuwa mekundu, makavu, hayapepesi. Aliyajua yale macho. Alikuwa akiyaona kila asubuhi kwenye kioo cha bafuni. Huyu mtoto alikuwa hajalala sawasawa tangu siku ile ya barabarani, na pengine tangu siku ya bomba, na hakuna aliyekuwa amemwambia yeye atulie wala kumpeleka kliniki.

Hasira ikamwishia ghafla, na hapo alipobaki bila hasira akaona uchungu.

"Mwanangu," alisema. "Nenda kazini."

"Nikienda halafu kitu kikatokea je?" Sauti ya binti ilikuwa ndogo. "Nikigeuza mgongo tu halafu kikatokea?"

Mama Geji alitaka kumwambia hakuna kitakachotokea. Neno lilikuwa mdomoni, tayari, ni neno ambalo mama yeyote angelisema. Akalimeza.

"Kinaweza kutokea," alisema. "Sikudanganyi. Hata ukikaa hapo kwenye ngazi mpaka mwakani kinaweza kutokea. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, mbele ya geji, na kilitokea. Si kukodoa macho kulikokuwa kunalizuia lile bomba, mwanangu. Nimechelewa sana kulijua hilo, na bado kila siku asubuhi nalisahau. Lakini huwezi kuishi kwenye ngazi."

Binti alilia kidogo, kimya kimya, amejifunika uso kwa ncha ya kanga aliyofunikwa mtoto. Kifungo alimtazama kwa mshangao, akadhani ni mchezo, akacheka. Binti naye akacheka bila kutaka, akajifuta, akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili. Akasimama.

"Usinipigie," alisema Mama Geji.

"Sipigi."

"Na usigeuke."

Binti akaanza kushuka. Mama Geji alibaki mlangoni na Kifungo, anasikiliza visigino vikigonga saruji, ghorofa hadi ghorofa. Na hapo nje, mbele kabisa ya mlango wa jengo, lori la maji lililokuja kujaza matangi likaegesha, likaachia upepo wa breki zake wote kwa mkupuo.

Mwili wa Mama Geji ukaruka. Mgongo ukagonga fremu ya mlango, moyo ukamlipuka. Miguu ilitaka ngazi, ilizitaka vibaya sana. Mikono ilibaki ilipo, si kwa kubana, imemshika mtoto tu. Akatoa pumzi puani. Akatoa nyingine. Taratibu akateleza na fremu mpaka akakaa chini kizingitini, Kifungo mapajani, akitetemeka kuanzia kidevu hadi vidole vya miguu. Kifungo akanyoosha mkono, akamkamata pua.

Chini, visigino vilikuwa vimesimama.

Mama Geji aliinama, akachungulia kati ya vyuma vya ngazi. Aliona mkono tu wa binti yake umekamata reli, umeikamata kwa nguvu zote, vidole vimekakamaa. Alijua kilichokuwa kinapita kichwani mwa mwenye mkono ule. Angeweza kumwita, kumwambia tuko salama. Alifunga mdomo.

Mkono ukakaa pale pale. Halafu ukaachia, na visigino vikaendelea kushuka.